Kusoma Maneno ya Katoni ya Projekta: Mwongozo kwa Kumbi, Madrasa na Shughuli za Mombasa

Alasiri moja niliitwa kwenye harusi katika ua wa nyumba ya jamaa, Mji wa Kale, ambako vijana walikuwa wamekodi projekta ili waonyeshe picha za bibi harusi tangu utotoni mwake. Katoni ya mashine ile iliandikwa lumeni 9,000, ambayo ni namba ya mwanga, na 1080P kwa herufi kubwa za rangi, na aliyeikodisha aliwahakikishia kwamba ingetosha hata mchana. Saa kumi na moja jua lilikuwa bado linapiga upande mmoja wa ua, na juu ya shuka jeupe hapakuonekana kitu ila weupe hafifu mfano wa maziwa yaliyotiwa maji. Tulisubiri hadi baada ya Magharibi. Picha zikaonekana, lakini zilikuwa na ukungu, na majina yaliyoandikwa chini yake hayakusomeka kutoka safu ya tatu. Nyanya yake bibi harusi, aliyeketishwa mbele kabisa, aliuliza yule mwanamke wa kanga ni nani, kumbe ilikuwa ni sura yake mwenyewe alipokuwa kijana.

Siku ya pili niliomba mashine ile niipime kabla haijarudishwa. Ilitoa lumeni zipatazo 180, na kioo chake cha ndani, kile kinachounda picha, kilikuwa na pikseli, yaani vitone vya picha, 800 kwa 480. Neno 1080P, yaani picha ya pikseli 1920 kwa 1080, halikuwa uongo mtupu: mashine iliweza kweli kupokea picha ya kiwango hicho, kisha ikaipunguza hadi ienee katika kioo kidogo ilicho nacho. Hapo ndipo lilipo fundo la mwongozo huu. Istilahi za projekta ni za namna mbili: zipo zinazoeleza kile mashine inachokipokea, na zipo zinazoeleza kile inachokitoa ukutani, na hiki kinachotolewa nacho hukutana na mwanga wa mahali penu, ambao hakuna katoni inayoutaja. Kwa kila neno utakalosoma, jiulize kwanza liko upande upi.

Hatua ya kwanza: pima mahali kabla ya kutazama mashine

Chukua futi ya kupimia uende ukumbini saa ile ile ambayo shughuli itafanyika, kwa kuwa ukumbi wa saa nne asubuhi si ukumbi wa saa mbili usiku. Unahitaji vipimo vinne: umbali kutoka skrini hadi mtazamaji wa mwisho, upana wa nafasi iliyopo ukutani, umbali kutoka skrini hadi pale projekta itakapokaa au kuning'inizwa, na kiasi cha mwanga unaoangukia ukuta wenyewe.

Kwa ukubwa wa picha, mafundi wengi hufuata kanuni nyepesi. Ikiwa watu watasoma maandishi, mtazamaji wa mwisho asikae mbali kuliko mara sita ya kimo cha picha. Ikiwa ni mpira au filamu, mara nane yatosha. Na ikiwa ni ramani au hesabu zenye tarakimu ndogo, isizidi mara nne. Tuchukue ukumbi wa madrasa kule Kisauni ambao safu yake ya nyuma iko mita 10 kutoka ukutani. Picha yenye upana wa mita 3 katika umbo la 16 kwa 9 ina kimo cha mita 1.69 hivi, na mara sita yake ni mita 10 na kidogo. Kwa hiyo skrini ya upana wa mita 3 inawafaa wanafunzi wa nyuma kabisa wanaosoma aya ukutani. Nitatumia mfano huu hadi mwisho.

Wauzaji hutaja ukubwa wa skrini kwa inchi za mshazari, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, na si kwa upana. Skrini ya inchi 100 ya umbo la 16 kwa 9 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125 hivi. Ile yetu ya mita 3 ni takriban inchi 135. Tahadhari kwamba inchi zile zile 100 za umbo la 4 kwa 3 zina upana mdogo zaidi na kimo kikubwa zaidi, kwa hiyo usilinganishe inchi kabla ya kulinganisha maumbo.

Mwanga unaoangukia ukuta hupimwa kwa luksi, ambayo ni lumeni moja kwa kila mita moja ya mraba. Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga, na zipo programu za bure zinazokisoma. Hazina usahihi wa kifaa cha maabara, lakini kwa kazi hii zinatosha. Iweke simu juu ya ukuta pale skrini itakapokuwa, uso wake ukielekea watazamaji, uandike namba unayoiona. Darasa lenye madirisha wazi mchana laweza kukupa luksi mia kadhaa, na ua wenye kivuli chini ya anga ya Mombasa hutoa maelfu.

Hatua ya pili: lumeni, na kwa nini mapazia yana nguvu kuliko mashine

Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye lenzi. Namba hii haina maana mpaka ujue imepimwa vipi. Kipimo cha kuaminika huandikwa lumeni za ANSI, shirika la viwango la Marekani, au lumeni za ISO, na cha pili hufuata kiwango cha kimataifa nambari 21118. Njia ya ANSI ni hii: picha nyeupe hugawanywa katika sehemu tisa zilizo sawa, mwanga hupimwa katikati ya kila sehemu, wastani wa vipimo vyote tisa hutafutwa, kisha wastani huo huzidishwa kwa eneo la picha. Ukiona lumeni zimeandikwa bila neno lolote la kuzifafanua, au zimeitwa lumeni za LED au lumeni za chanzo cha mwanga, fahamu kwamba huenda zimehesabiwa ndani ya mashine, kabla mwanga haujapita kwenye kioo na lenzi ambako sehemu yake kubwa hupotea.

Kipimo cha ANSI unaweza kukifanya mwenyewe, nami nakusihi ukifanye kabla ya kutoa fedha. Ile projekta ya harusi niliiwasha chumbani gizani, picha nyeupe ikawa na upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.125, yaani eneo la mita za mraba 2.25. Wastani wa vipimo tisa vya simu ulikuwa luksi 80. Zidisha 80 kwa 2.25, unapata 180. Hata tukikubali kwamba simu ilikosea kwa robo nzima, kutoka 180 hadi 9,000 ni safari ambayo kosa la simu haliwezi kuifikisha. Ikiwa chumba hakina giza kamili, pima kwanza luksi za chumba projekta ikiwa imezimwa, kisha uzitoe katika kila kipimo.

Sasa turudi Kisauni. Skrini ya mita 3 ina eneo la mita za mraba 5.06. Projekta yenye lumeni 3,000 za kweli itaupa ukuta luksi 593 hivi. Yasikika nyingi, lakini lipo jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui: projekta haiwezi kutupa weusi. Pale picha inapotaka weusi, mashine hunyima mwanga tu, na unachokiona ni ukuta wenyewe ukiwa na mwanga wote wa chumba. Kama madirisha yanaleta luksi 200 ukutani, basi weusi wako ni luksi 200 na weupe wako ni 593 kujumlisha 200, yaani 793. Uwiano wa weupe kwa weusi unakuwa takriban 4 kwa 1. Picha itakuwa imepauka, na maandishi ya rangi ya manjano juu ya kijani hayatasomeka.

Kiwango cha Marekani kilichotolewa na InfoComm, chama cha watu wa vifaa vya sauti na picha, mwaka 2011 kinataka uwiano usiopungua 7 kwa 1 kwa kutazama tu, 15 kwa 1 kwa kazi inayohitaji kusoma na kuamua, 50 kwa 1 kwa uchunguzi wa kina kama wa michoro ya uhandisi, na 80 kwa 1 kwa filamu. Tazama basi kinachotokea ukitundika mapazia mazito kwenye madirisha yale na mwanga ukashuka hadi luksi 20: weupe ni 613, weusi ni 20, na uwiano unakuwa zaidi ya 30 kwa 1. Mashine ni ile ile. Kama ungetaka kuufikia uwiano huo bila kugusa madirisha ungehitaji mashine ya lumeni 30,000, ambazo ni za kumbi kubwa mno na bei yake haifikiwi na kamati yoyote ya madrasa ninayoijua. Kwa sababu hii, wanapoulizia projekta kubwa zaidi, mara nyingi jibu langu huwa ni kuwaelekeza kwa muuza vitambaa wa Barabara ya Biashara wakachukue mapazia mazito ya rangi ya giza.

Kwa shughuli za uani na za ufukweni hesabu ni kali zaidi. Hakuna projekta ya kawaida inayoshindana na maelfu ya luksi, hata kivulini. Mombasa jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima, kwa hiyo panga ratiba ya picha ianze baada ya Magharibi, na taa za mapambo zielekezwe mbali na skrini.

Namba ya uwiano iliyochapishwa kwenye katoni, mathalani 100,000 kwa 1, haihusiani na hayo yote. Hupatikana kwa kulinganisha skrini nyeupe tupu na skrini nyeusi tupu katika chumba cha giza totoro, mara nyingi mashine ikiwa imeruhusiwa kufifisha taa yake inapoonyesha weusi. Kipimo cha ANSI cha uwiano hutumia miraba 16 myeupe na myeusi kwa pamoja, na matokeo yake huwa madogo sana kuliko hayo ya katoni. Katika ukumbi wenye dirisha hata moja wazi, usipoteze muda na namba hiyo.

Neno la nyongeza juu ya skrini. Kitambaa cha skrini huwa na kipimo cha kurudisha mwanga: 1.0 ni weupe wa kawaida unaosambaza mwanga sawasawa, na namba iliyo juu zaidi huongeza mng'ao kwa walioketi katikati huku ikiwapunguzia walio pembeni. Ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa hufanya kazi nzuri. Ukuta wa chokaa wenye mikwaruzo, kama zilivyo nyingi za nyumba za kale, huonyesha kila kovu lake.

Hatua ya tatu: umbali wa kutupa picha

Kila lenzi ina uwiano wake wa umbali kwa upana, nao hupatikana kwa kugawanya umbali wa kutoka lenzi hadi skrini kwa upana wa picha. Uwiano wa 1.5 na skrini ya mita 3 vinakutaka uweke mashine mita 4.5 kutoka ukutani. Ikiwa lenzi ina uwezo wa kukuza na kupunguza, utaona namba mbili, mfano 1.4 hadi 1.7, na kwa skrini yetu maana yake ni popote kati ya mita 4.2 na mita 5.1. Nje ya mipaka hiyo picha itakuwa kubwa kuliko skrini au ndogo kuliko ulivyotaka.

Mashine za uwiano wa chini ya 1 huitwa za umbali mfupi, na zile za chini ya 0.4 huitwa za umbali mfupi sana. Yenye uwiano wa 0.25 hukaa sentimita 75 tu kutoka kwenye skrini ya mita 3. Zinafaa sana madarasani, kwani mwalimu hasimami katika njia ya mwanga na macho yake hayachomwi. Lakini zinataka skrini iliyonyooka kabisa: mwanga unapopanda kwa pembe kali, mkunjo mdogo wa kitambaa hugeuka wimbi kubwa kwenye picha. Usizitumie na shuka linalopeperushwa na upepo wa bahari.

Hapa lipo kosa ninaloliona katika kumbi nyingi. Mashine huwekwa chini au pembeni, picha hutoka na umbo la mtego wa samaki, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kisha mtu hubonyeza kitufe cha Keystone kwenye rimoti mpaka kingo zinyooke. Kingo hunyooka kweli, ila mashine imefanya hivyo kwa kuibana picha ndani ya kioo na kuacha sehemu ya pikseli zake bila kazi, na maandishi hupoteza ukali wake. Mwanga wa zile pikseli zilizoachwa nao hupotea. Njia bora ni kuiweka mashine mahali pake, katikati ya skrini na kwa kimo kinachotajwa katika kitabu chake. Mashine za bei ya juu zina uwezo wa kusogeza lenzi yenyewe juu, chini au pembeni bila kugusa pikseli, na kwa ukumbi ambao hauna budi kuifunga projekta upande mmoja wa dari, uwezo huo una thamani kuliko lumeni elfu moja za ziada.

Hatua ya nne: pikseli, herufi na namba zake

Resolusheni ni hesabu ya pikseli, vile vitone vidogo ambavyo picha imefumwa kwavyo. Herufi zinazotumiwa zilianzia kwenye kompyuta za IBM: VGA ya mwaka 1987 ilikuwa na pikseli 640 kwa 480, na XGA ya 1990 ikawa na 1024 kwa 768. Katikati kuna SVGA ya 800 kwa 600, na baadaye zikaja zile pana zilizoongezewa herufi W: WXGA ya 1280 kwa 800 na WUXGA ya 1920 kwa 1200. Upande wa televisheni, 720p ni 1280 kwa 720, 1080p ni 1920 kwa 1080, na 4K ya nyumbani ni 3840 kwa 2160. Majumba ya sinema yana 4K yao ya 4096 kwa 2160.

Juu ya neno hili la resolusheni ndipo ule mgawanyo wa kupokea na kutoa hufichwa mara nyingi. Katika karatasi ya maelezo tafuta mstari ulioandikwa "native". Namba iliyo hapo ndiyo hesabu ya pikseli ambazo mashine inazo kwa kweli. Mstari ulioandikwa "supported" au "max" unaeleza inachokipokea tu. Karatasi ikikosa mstari wa kwanza na kuwa na wa pili peke yake, mimi huirudisha mezani.

Zipo mashine zinazoitwa 4K ambazo kioo chake kina pikseli 1920 kwa 1080, lakini picha husogezwa kidogo sana mara nne ndani ya muda wa fremu moja, yaani picha moja ya video, jicho likaziunganisha nafasi zote nne. Huo si ulaghai. Vitone vyote milioni 8.3 hufika ukutani, kwa zamu. Nyingine husogeza mara mbili tu na kupata nusu yake.

Umbo nalo lihesabiwe. Projekta ya XGA ya umbo la 4 kwa 3 ikionyesha mechi ya umbo la 16 kwa 9 hutumia mistari 576 kati ya 768, na robo nzima ya pikseli pamoja na mwanga wake huishia kwenye michirizi myeusi ya juu na chini. Kwa mpira na filamu chagua 16 kwa 9. Kwa maandishi ya ofisini na darasani, umbo la 16 kwa 10 lina nafasi zaidi ya mistari, na hupoteza sehemu moja tu kwa kumi likionyesha video.

Kuhusu HDR, yaani video yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, maneno machache yanatosha. Filamu za HDR10 aghalabu huandaliwa kwa kilele cha mwanga cha kandela 1,000 kwa mita ya mraba, ilhali skrini yetu yenye luksi 593 hurudisha kandela zipatazo 190. Projekta inayoandikwa HDR huipokea picha hiyo na kuishusha hadi kiwango inachokiweza.

Hatua ya tano: chanzo cha mwanga na kilicho ndani

Teknolojia mbili ndizo zimeenea. Ya DLP, ya kampuni ya Texas Instruments, imejengwa juu ya kifaa alichokibuni Larry Hornbeck mwaka 1987, ambacho kina vioo vidogo mno vya kuakisi mwanga vinavyoinama huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Nyingi za mashine hizi zina kifaa kimoja tu cha vioo, na rangi huletwa kwa zamu na gurudumu linalozunguka. Baadhi ya watu wakigeuza macho kwa haraka huona mmweko wa upinde wa mvua, na wengine hawauoni kamwe. Gurudumu likiwa na kipande cheupe, lumeni za picha nyeupe hupanda huku rangi zikibaki nyuma, na nguo nyekundu ya maharusi huonekana kama imefuliwa mara nyingi. Ya pili ni 3LCD, inayotumiwa sana na Epson, ambamo rangi tatu hupita kwa pamoja katika vioo vitatu vya LCD, na mng'ao wa rangi hulingana na wa weupe.

Kwa Mombasa nina la kusema zaidi hapa. Hewa yetu ina chumvi, unyevu na vumbi la msimu wa kaskazi, na feni ya projekta huivuta hewa hiyo mchana kutwa. Katika 3LCD hewa hupita karibu na vioo vyenyewe, kwa hiyo chujio lisiposafishwa joto hupanda na baada ya muda madoa ya manjano au samawati hujitokeza kwenye picha, nayo hayatoki kwa kufuta. DLP nyingi zina sehemu ya picha iliyofungwa zaidi. Zile za bei nafuu zenye kioo kimoja na taa ya LED huingiza vumbi hadi mbele ya kioo, likaonekana ukutani kama mabonge ya kijivu. Yoyote utakayoichagua, chujio lisafishwe kila mwezi, kila wiki ikiwa ukumbi uko karibu na ufuo, na mashine ihifadhiwe ndani ya sanduku lenye vifuko vya kufyonza unyevu.

Balbu za kawaida hutajwa kuwa na umri wa saa 3,000 hadi 5,000, na leza saa 20,000 au zaidi. Umri huo hauhesabiwi hadi taa izimike, bali hadi mwanga wake ushuke kufikia nusu. Kwa hiyo projekta ya lumeni 3,000 nunua ukijua kwamba siku moja itakuwa ya 1,500, na ukinunua iliyotumika fungua menyu usome saa za balbu kabla ya kutaja bei. Balbu hizo zina zebaki ndani. Ikipasuka, fungua madirisha, toka nje, na usifagie kwa mikono mitupu. Umeme ukikatika ghafla balbu ikiwa moto, feni husimama nayo joto hubaki, jambo linalofupisha maisha yake. UPS ndogo, yaani kifaa cha betri, inayoipa feni dakika tano ni ununuzi wa busara. Leza haisumbuki sana na hilo.

Hatua ya sita: kebo, matundu na picha nyeusi isiyo na sababu

Tundu la samawati lenye pini 15 ni la VGA, hubeba picha tu kwa njia ya analojia, na sauti hutafuta njia yake. Tundu la manjano la duara hubeba video ya zamani ya kiwango cha chini kabisa. HDMI, iliyotoka mwaka 2002, hubeba picha na sauti pamoja. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 hufikisha 4K kwa fremu 30 kwa sekunde, la 2.0 la 2013 hufikisha 60. Kebo ya kawaida ya shaba ikizidi mita 10 huanza kuwa na wasiwasi, picha ikawa na vimulimuli au ikakatika. Kwa masafa marefu tumia kebo ya HDMI ya nyuzi za mwanga, ambayo ina upande wa kompyuta na upande wa projekta usiobadilishwa, au vifaa vya HDBaseT vinavyotumia kebo ya mtandao hadi mita 100.

HDCP ni ulinzi dhidi ya kunakili. King'amuzi au programu ya filamu huiuliza projekta kama inaufahamu ulinzi huo, na isipojibu ipasavyo huleta weusi mtupu ingawa menyu zilionekana vizuri. Nimeona kamati ikirudisha mashine nzima dukani kwa sababu ya kigawanyaji cha HDMI kisichojua HDCP 2.2. Kabla ya kulaumu projekta, unganisha king'amuzi moja kwa moja kwa kebo fupi. Nayo EDID ni utambulisho ambao projekta huipa kompyuta kueleza umbo na pikseli zake. Ukiona picha imebanwa au kompyuta inang'ang'ania 1024 kwa 768, zima vyote viwili, washa projekta kwanza, kisha kompyuta.

Hatua ya saba: kanda za zamani na hesabu ya fremu

Familia nyingi za hapa zina kanda za VHS za maulidi na harusi za miaka ya 1980 na 1990. Kenya ilitumia PAL, mfumo wa televisheni ya analojia wenye mistari 625 ambayo 576 kati yake hubeba picha, na nusu-fremu 50 kwa sekunde. Kanda zilizorekodiwa Marekani ni za mfumo wa NTSC, mistari 525 na nusu-fremu 60 hivi. Zikichanganywa, picha hukosa rangi au huruka. Anayezigeuza kuwa faili azihifadhi katika hesabu yake ya asili, PAL kwa 50 na NTSC kwa 60. Matangazo ya analojia yalizimwa nchini mwaka 2015 na mfumo wa dijitali wa DVB-T2 ukachukua nafasi, ila hesabu ya 50 ingali hai: mechi za ligi za Ulaya hurushwa kwa 50, na king'amuzi kikiwekwa 60 mpira hutembea kwa kusitasita. Herufi i baada ya namba, kama katika 1080i, humaanisha mistari huja nusu kwa nusu. Herufi p humaanisha huja yote kwa pamoja.

Hatua ya nane: jaribio la dukani

Nenda na kompyuta yako, kebo yako, na faili moja uliyoitengeneza: picha yenye mistari ya pikseli moja nyeusi na moja nyeupe, kwa ukubwa ule ule muuzaji anaoudai kuwa wa kioo chenyewe. Iweke kompyuta katika resolusheni hiyo, zima marekebisho yote ya kingo, onyesha faili bila kuikuza. Mashine yenye pikseli hizo kweli itaonyesha mistari iliyotengana kama meno ya kitana. Isiyo nazo itaonyesha kijivu kilichochanganyika na mawimbi. Iliyo ya kusogeza pikseli itaonyesha mistari, ila laini kidogo. Kisha omba taa zizimwe, onyesha weupe mtupu, na upime zile sehemu tisa katika hali ya rangi utakayoitumia, si katika ile hali ya mng'ao wa juu inayofanya kila kitu kiwe na ukijani. Onyesha picha ya mtu aliyevaa nyekundu. Sikiliza feni ukiwa umekaa inapokaa safu ya kwanza. Mwambie muuzaji aandike katika risiti pikseli za kioo na lumeni za ANSI, asiandike jina la mashine peke yake. Akikubali kuziandika, toa fedha.